Pao-chu, mwanamke wa bongo za nguruwe, na pakiti ya njano

Saa kumi na moja alfajiri. Tseng Pao-chu amesimama kwenye mlango wa nyuma wa machinjio ya nguruwe, nje kidogo ya mji wa Tainan. Amevaa mabuti ya mpira, na mbele yake kuna sanduku la barafu lililofunguliwa. Ndani ya machinjio, maji ya moto yanamwagika sakafuni na mvuke unatoka mpaka barabarani.

"Dada Chu! Umekuja kuchukua akili?" anapaza sauti Hung, mchinjaji mwenye mikono minene, akitoka na beseni.

"Za kwako nimezitafuta miaka yote sijaziona," Pao-chu anamjibu. "Leta hizo za nguruwe."

Anatia mkono ndani ya beseni. Bongo bado zina joto. Anazipokea moja moja, anazisuuza kwenye maji ya chumvi yaliyopoa, anazilaza kwenye barafu, na uso wake unalainika kidogo kama wa mtu aliyepata samaki mzuri sokoni.

Leo hakuja peke yake. Pembeni ya pikipiki yake amesimama msichana mwembamba mwenye barakoa mbili, moja juu ya nyingine, ameshika pua juu ya barakoa hizo.

"Na huyo nani?" Hung anauliza.

"Mtu wa kazini."

"Mwanafunzi wako?"

Pao-chu anajifanya hakusikia. Msichana naye anajifanya hakusikia.

Jina lake ni Ke Yun-hsi, na ana umri wa miaka 29. Anapokwenda kunawa mikono, Pao-chu anamgeukia mwandishi wa makala hii na kusema bila kupunguza sauti: "Usije ukaandika kwamba tunashirikiana vizuri. Andika kwamba namwonea wivu. Maabara nzima inajua."

Pao-chu, 54, ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kikuu kimoja mjini hapa. Kila Jumanne, kwa miaka ishirini na miwili, amekuwa akija kwenye mlango huu kuchukua bongo za nguruwe, anaziweka katikati ya miguu yake kwenye pikipiki na kuondoka mbio kabla barafu haijayeyuka. Anachokitafuta ndani yake ni tubulini.

Ndani ya kila seli ya mwili mna mirija midogo isiyoonekana kwa macho. Ndiyo nguzo zinazoipa seli umbo, na ndiyo njia ambazo mizigo ya seli hupitishwa. Seli inapojigawa, mirija hiyo huvuta urithi wa mzazi na kuugawa sawa kwa seli mbili changa. Matofali yanayojenga mirija hiyo ni tubulini, na ubongo umejaa tubulini kupita kiasi.

Matofali hayo yana tabia yake. Ukiyapasha joto, yanajipanga yenyewe na kuwa mirija. Ukiyaweka barafuni, mirija inabomoka na kurudi kuwa matofali. Pao-chu husaga bongo, huzipasha, huzizungusha kwenye mashine yenye kasi ya kutisha, huzipoza, huzizungusha tena, na kila mzunguko uchafu fulani hubaki nyuma.

"Kama mume wangu tu," anasema. "Akipata joto anajipanga, akipata baridi anasambaratika. Ukishamzungusha vya kutosha unajua kilichomo."

Alizaliwa Anping, mtoto wa muuza samaki. Mama yake alimfundisha kumpasua samaki bila kuigusa nyongo, na mkono huo huo ndio leo unaobambua ngozi nyembamba na mishipa ya damu kutoka kwenye ubongo. Maabara ilimwajiri kwa ajili ya kuosha vyombo vya kioo. Fundi wa zamani alipostaafu, Profesa Fang, mkuu wa maabara, aliyekuwa amemwona akimsaidia fundi huyo, akampa nafasi hiyo. Leo analipwa dola elfu arobaini na mbili za Taiwan kwa mwezi, mshahara ambao anasema hautoshi kuringa lakini unatosha kula.

Aliringa kwa kitu kingine. Kila kichupa cha tubulini kinachotoka mikononi mwake kina herufi za jina lake. Maabara za Taipei na Hsinchu humwandikia Profesa Fang kuomba "ile ya Chu". Wanafunzi wapya, jaribio likiwagomea, huambiwa na wenzao: tumia ya Dada Chu kwanza, ikikataa hiyo, basi kosa ni lako.

"Walikuwa wananiita dada," anasema. "Kumbuka hilo."

Ila tubulini yake ina kasoro moja, na haitokani na mkono wake. Ni mchanganyiko. Mwili hauna jeni moja tu ya kutengeneza matofali hayo. Unazo kadhaa, na kila jeni hutoa tofali linalotofautiana kidogo na la jirani yake. Ubongo huzitumia nyingi kwa wakati mmoja. Mtu akisaga ubongo, anapata ukoo mzima kwenye chupa moja.

Kuna watoto wanaozaliwa na ubongo usiopangika sawasawa kwa sababu jeni moja ya tubulini imekosewa herufi moja katika maagizo yake. Mirija ya seli zao changa haiko imara, na seli hizo hushindwa kusafiri hadi mahali zilipotakiwa kukaa. Profesa Fang alitaka kuona kosa hilo linafanya nini hasa kwenye mrija. Kwenye chupa ya ukoo mzima, huwezi kumwona mtu mmoja.

Hapo ndipo Yun-hsi alipoletwa kutoka Taipei, mwaka jana. Yeye hagusi bongo. Huchukua jeni moja, huipandikiza kwenye seli za nondo, yule mdudu anayefanana na kipepeo, na seli hizo zikikua ndani ya kabati la joto hutengeneza tubulini ya jeni hiyo peke yake. Anachovuna ni tone dogo tu, lakini halina mchanganyiko.

Pao-chu anaikumbuka siku tone la kwanza lilipoletwa kwenye mkutano wa maabara. Profesa Fang alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo tubulini ya kweli," alisema.

"Nilijiuliza," anasema Pao-chu. "Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nauza nini? Supu?"

Wivu uliingia siku hiyo na haukutoka. Ulimfuata mpaka nyumbani, ukakaa naye mezani. Alianza kuhesabu vitu ambavyo hakuwahi kuvitazama: nani kasalimiwa kwanza asubuhi, nani kaletewa chai ya maziwa, kabati la nani limepata nafasi karibu na dirisha. Hata nywele za Yun-hsi zilimuudhi, kwa kuwa hazikuwa na harufu ya chochote.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kidogo kuliko vyote. Asubuhi moja mwanafunzi aliingia na kusema, "Habari za asubuhi, Dada Yun-hsi," halafu akamgeukia yeye. "Habari za asubuhi, Shangazi."

"Shangazi!" Pao-chu anarudia, akijipiga kifuani. "Nililala dada, nikaamka shangazi. Na wote wakafuata. Kwani dada tukiwa wawili jengo litaanguka?"

Mwezi wa tano Profesa Fang alimwita ofisini. Alimweleza kwa upole, jambo ambalo lilimtisha zaidi, kwamba kazi ya bongo ingekoma mwaka mpya. Asingefukuzwa. Angerudi kwenye vyombo vya kioo.

Alitoka humo akiwa na kitu kimoja tu kichwani. Jumanne zake zilikuwa zimechukuliwa na msichana asiyeweza hata kusimama karibu na mchinjaji.

Kilichofuata, Pao-chu anakisimulia haraka, macho yake yakiwa sakafuni.

Mashine za Taiwan zina adabu yake. Juu ya kila mashine yenye thamani huwekwa pakiti ya vitafunwa vya mahindi, ile ya kijani yenye ladha ya nazi, ambayo jina lake maana yake ni "uwe mtiifu", ili mashine itulie na kutii. Lazima iwe ya kijani, kama taa ya mashine iliyo salama, na isiwe imepita tarehe yake. Ya njano haiwekwi kamwe, kwa kuwa taa ya njano ni dalili ya matatizo. Watu wenye shahada tatu hucheka wanapolieleza jambo hili, kisha huenda kukagua tarehe ya pakiti yao.

Juu ya kabati la Yun-hsi, wanafunzi walikuwa wameweka pakiti kubwa ya kijani na kuandika juu yake maneno ya kulitia moyo. Siku moja mchana, wakati wa chakula, Pao-chu aliinua macho kwenye mashine yake ya kuzungusha. Pakiti yake ilikuwa imepita tarehe tangu mwezi wa tatu.

"Walikuwa wananibadilishia wao, miaka yote," anasema. "Safari hii hakuna aliyekumbuka. Nilisimama pale nikaona uchungu ambao sikuuona hata nilipomzika mama. Ndiyo, andika. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Alishuka dukani, akanunua mbili. Ya kijani akaiweka juu ya mashine yake. Ya njano akaiweka juu ya kabati la Yun-hsi, na ile kubwa ya kijani akaitupa kwenye pipa la karatasi. Kisha akaenda kula wali wake.

Jumatatu yake kabati lilikutwa limepanda joto, na seli za nondo zote zimekufa. Ilikuwa kazi ya wiki tano, pamoja na jeni yenye herufi iliyokosewa. Yun-hsi alikaa chini sakafuni na kuegemea ukuta. Profesa Fang, ambaye huwa hapazi sauti, alimuuliza mbele ya kila mtu alikuwa wapi kengele ya hatari ilipolia kwenye simu yake.

"Simu ilikuwa kwenye chaji, Mwalimu."

"Na wewe ulikuwa kwenye chaji pia?"

Pao-chu alikuwa akiosha chupa ambayo tayari ilikuwa safi. Anasema aliifurahia sentensi hiyo kwa muda mfupi sana, halafu akaikumbuka ile pakiti ya njano.

Fundi wa makabati, Su, alikuja mchana. Alifungua mgongo wa kabati, akachokonoa, akatoa kipande cheusi. Kihisi joto kilikuwa kimeungua.

"Kimezeeka tu," alisema. "Kingekufa hata kama mngekiombea."

"Hakuna sababu nyingine?" Pao-chu alimuuliza.

"Sababu gani tena, Shangazi? Kihisi ni kihisi." Su alisimama, akajipangusa mikono, akainua macho juu ya kabati. "Lakini nyie, nani kaweka ya njano hapa?"

Wanafunzi waliacha walichokuwa wakifanya. Profesa Fang, mtu aliyehutubia mikutano ya wanasayansi nchi nyingi, alisogea karibu na kuvaa miwani yake.

"Ya njano?" alisema. "Juu ya kabati la seli?"

"Na nyie mnaniita mimi!" alisema Su. "Hapa mngeita mtu wa hekalu."

Pao-chu alifungua mdomo. Lakini aliyesema alikuwa Yun-hsi.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilinunua haraka haraka, nikakosea rangi."

"Ukakosea rangi! Wewe umezaliwa kisiwa gani?"

"Samahani, Mwalimu."

Yun-hsi alimtazama Pao-chu mara moja tu, kisha akaitoa pakiti ile na kuitia kwenye droo yake. Pao-chu alijua kuwa msichana anajua. Alitamani atukanwe. Alitamani achaniwe koti la maabara mbele ya watu, ili naye apate la kujibu.

"Usiku sikupata usingizi," anasema. "Kwa jeni moja kanishinda. Kwa jina la dada kanishinda. Sasa hata kwa wema kanishinda? Nimebaki na nini mimi?"

Alivumilia siku chache. Kisha mchana mmoja akamfuata Yun-hsi kwenye ngazi za nyuma, ambako msichana huyo hupenda kula peke yake, akiwa na boksi la chakula mapajani. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo yale, na wanabishana kuhusu nani alisema nini. Kwa kadiri wanavyokubaliana, yalikwenda hivi:

"Ile pakiti niliiweka mimi."

"Najua, Shangazi. Risiti uliitupa mwenyewe. Ilikuwa kwenye pipa, juu ya pakiti yangu. Moja ya kijani, moja ya njano, na ya kijani iko mpya juu ya mashine yako."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nini Mwalimu? Kwamba seli zangu zimeuawa na vitafunwa?"

"Ungesema tu ni mimi. Usijifanye mtakatifu. Sitaki wema wako."

Yun-hsi aliweka vijiti vyake chini. "Wema gani? Nahitaji tubulini yako. Ungefukuzwa siku ile, ningeipata wapi?"

Pao-chu alikaa chini kwenye ngazi.

Yun-hsi alimweleza, mdomo umejaa wali. Tone lake ni dogo mno. Matofali yakiwa machache hivyo hayawezi kuanza mrija yenyewe. Hayakutani ya kutosha. Lakini yakiwekewa kipande kifupi cha mrija kilichokwisha kujengwa na kuimarishwa, hujishika kwenye ncha yake na kuendelea. Vipande hivyo huitwa mbegu, na mbegu hutengenezwa kwa tubulini ya ubongo.

"Nimejaribu ya kuagiza nje," alisema Yun-hsi. "Ni takataka. Kila ninayemuuliza ananiambia tumia ya Chu. Tangu nimefika hapa, ya Chu, ya Chu, ya Chu. Kwenye kila ripoti ya Mwalimu mwishoni anakushukuru wewe. Unafikiri mimi sina roho?"

"Unanionea wivu?" Pao-chu aliuliza, na anakiri kwamba sauti yake ilipanda kwa furaha.

"Mpaka nachukia Jumanne."

Mtu angetarajia wakumbatiane. Hawakukumbatiana. Pao-chu alipanda juu, akafungua friza, akampa vichupa vitatu. Baada ya saa moja Yun-hsi alivirudisha.

"Hivi vya zamani. Nipe vile vizuri vya nyuma."

"Vya nyuma vipi?"

"Vyenye utepe wa bluu. Shangazi, friza hiyo naifungua kila siku."

Pao-chu alimpa vile vya utepe wa bluu. Anasema mkono ulikuwa mzito kama unatoa mahari ya mtoto wa jirani.

Seli mpya zilikuzwa, jeni zikapandikizwa upya, na mwezi wa tisa tone jipya likavunwa. Mbegu za Pao-chu zilitiwa rangi nyekundu, tubulini ya Yun-hsi ikatiwa ya kijani. Siku ya kutazama, Yun-hsi alimwita kwenye chumba cha hadubini na kumpisha kiti.

Kwenye kioo palikuwa na vistari vyekundu vifupi, vimetulia. Kutoka kwenye ncha ya kila kimoja, mstari wa kijani ulikuwa ukirefuka taratibu, umenyooka kabisa. Hiyo ilikuwa tubulini ya jeni isiyo na kosa. Kisha Yun-hsi akaweka ile yenye herufi iliyokosewa. Kijani kilichomoza kwenye ncha, kikasogea kidogo, kikakatika. Kikachomoza tena, kikakatika tena.

"Maskini," Pao-chu alisema kwa sauti ndogo, na hakuwa na uhakika anamhurumia nani, watoto wenye jeni ile au matofali yenyewe.

Lakini alipoulizwa na Yun-hsi ameona nini, alijibu ukweli. Alikuwa ametafuta nyekundu kwanza. Alitaka kuhakikisha kwamba kila kijani kimeanzia kwake.

Profesa Fang alibadilisha uamuzi wake. Bongo zitaendelea kuletwa, ingawa sasa ni Jumanne moja katika kila miezi miwili, kwa ajili ya mbegu tu. Wiki nyingine Pao-chu ataosha vyombo. Alikubali, kwa sharti moja lililomshangaza profesa mwenyewe: afundishwe kukuza seli za nondo. Naye Yun-hsi akaweka lake. Kama anafundisha, basi naye aonyeshwe bongo zinavyochukuliwa, tangu mlangoni.

Ndiyo maana alfajiri ya leo wamekuja wawili.

Yun-hsi anarudi kutoka kunawa, amebadilika rangi lakini amesimama wima. Hung anatoka na beseni la pili, anamtazama, na bila kuombwa anamkabidhi yeye. Kwa miaka yote hiyo beseni hupokewa na Pao-chu. Pao-chu anaona, na taya lake linakaza.

"Hujanijibu," anasema Hung. "Huyu ni mwanafunzi wako au siye?"

Yun-hsi anatazama bongo zilizo mikononi mwake. Anameza mate. "Ndiyo," anasema. "Leo mimi ni wake. Jumatatu yeye ni wangu."

Hung anacheka mpaka anaegemea mlango. Pao-chu hacheki. Anamwonyesha Yun-hsi jinsi ya kuulaza ubongo ubavu, asiubonyeze, kisha anafunga sanduku na kulikaza kwa mkanda. Msichana anapanda nyuma ya pikipiki na kulikumbatia sanduku.

"Nina miaka kumi na mmoja kabla ya kustaafu," Pao-chu anasema akiwasha pikipiki. "Nitakuza seli za nondo mpaka nivune nyingi kuliko wewe. Halafu utaacha kuniita Shangazi."

"Ukinishinda nitakuita Dada."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, Shangazi. Twende, barafu inayeyuka."